Mheshimiwa na Viatu vya Mlangoni

Nakumbuka Jumapili moja, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, niliamshwa na sauti ya mama aliyekuwa akihesabu viatu vyake na kuishia kwenye kimoja.

"Kimoja hiki hapa. Cha pili kiko wapi? Kanisa inaanza saa tatu!"

Alikuwa Mama Nafula, jirani yangu wa mlango wa pili, mjane mwenye wajukuu, aliyekuwa akiuza mboga kwenye kituo cha matatu cha Kawangware 46, Nairobi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa viatu, nimekodi chumba kimoja katika ploti ya vyumba vinane. Kiatu cha pili, mwanangu, kilikuwa chini ya kitanda changu, mdomoni mwa mbwa wangu. Kisigino kilikuwa hakipo tena.

Mbwa huyo nilimwita Mheshimiwa, kwa sababu alikula bila kufanya kazi. Nilimtoa kwa rafiki yangu wa mtaa wa Lindi, kule Kibera, akiwa na wiki tano tu. Sasa alikuwa na miezi mitatu na nusu, na meno makali kama sindano. Nilitaka awe mbwa mkali, maana nilikuwa nimeibiwa nyundo mbili. Basi kila jioni nilimchezesha kwa mkono wangu nikimwambia, "Shika! Shika!" Nikichoka, namrushia kiatu kikuukuu kisichofaa kushonwa. Nilijiona mjanja: fundi wa viatu atakosaje kitu cha mbwa kutafuna? Wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Wangu alikuwa amebakisha hatua chache kuingia kanisani.

Kelele zile zilimtoa nje Mzee Barasa, msimamizi wa ploti, kikombe cha chai mkononi.

"Kijana, nimenyamaza ya kutosha. Hii mbwa imekula slipa yangu. Imekula za watoto wa namba tano. Jana imeng'ata mtoto mguu. Jumapili ijayo nitapita hapa. Nikipata bado inauma watu, nataka chumba changu. Wewe na Mheshimiwa wako mtafute ploti ingine."

"Sasa mzee, nitampeleka wapi?"

"Mpeleke bunge!" sauti ikajibu kutoka namba saba, na ploti nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Wateja wangu wote walikuwa wa mtaa ule, na kuhama kulimaanisha kuanza upya.

Nikachukua mwiko nimchape yule mbwa. Mama Nafula akanishika mkono. Aliinama, akachungulia chini ya kitanda, akatoka na kile kiatu kikuukuu.

"Na hii ni ya nani?"

"Ya Mheshimiwa."

"Na hii yangu imeandikwa wapi kwamba si yake?"

Nikavitazama viatu vyote viwili, mwiko bado juu.

"Weka mwiko chini," akasema. "Hapa mwenye makosa ana miguu miwili."

Akaenda kanisani na slipa za bluu, akinung'unika kwamba Mungu ataelewa lakini kwaya haitaelewa.

Alasiri alirudi, akaketi kwenye ndoo yangu ya kazi, na kunifundisha jambo ambalo tangu siku hiyo nimelijaribu kwa mbwa wanne na sijaliona likishindwa. Kwanza alinieleza kwamba mbwa wa wiki tano bado yuko shuleni. Akimuuma nduguye kwa nguvu, nduguye hulia na kuacha mchezo. Hivyo ndivyo anavyojifunza kupima meno yake. "Wewe ulimtoa kabla hajafunzwa," alisema. "Sasa sisi wa ploti ndio ndugu zake." Pili, alinifunulia ufizi wa Mheshimiwa na kunionyesha mahali ulipokuwa umevimba. Meno ya utoto yalikuwa karibu kung'oka. Mtoto anayeota meno hutafuna hata kamba ya mbuzi. Wangu alitafuna viatu kwa sababu mimi nilimwambia viatu ni chakula.

Nilimuuliza kama nimpe gunzi la mahindi badala yake. Alinikata kauli: gunzi hukwama tumboni, na mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Akatoa karoti nene kwenye kikapu chake. Kisha akachana taulo kuukuu, akalifunga fundo na kulilowesha katika maji baridi ya mtungi. Mheshimiwa alilipokea kama aliyekuwa akilisubiri tangu azaliwe.

Usiku huo nilichoma viatu vyote vikuukuu. Asubuhi nikapigilia ubao kando ya kila mlango, kwenye kimo cha kifua changu kutoka sakafuni, na viatu vya ploti vikapanda huko. Nikanunua daftari, nikaanza kuandika kila alipouma mtu.

Kazi ngumu ilikuwa kuwafunza watu. Watoto wa namba tano walikuwa wakipiga mayowe na kukimbia, na mbwa mchanga huona kukimbia kuwa mchezo. Mama Nafula aliwapanga mstari. "Akikushika na meno, sema 'Ai!' mara moja. Mgeuzie mgongo, kunja mikono, kuwa nguzo. Hesabu mpaka thelathini. Akitulia, mpe taulo." Watoto waliupenda mchezo huo kiasi kwamba walimchokoza mbwa ili wapate kuwa nguzo, tukalazimika kuwakataza na hilo pia. Jumatatu aliuma mara thelathini na nane. Alhamisi, ishirini na moja. Niligundua kupitia daftari kwamba nyingi zilitokea jioni, akiwa amechoka. Nikaanza kumlaza mapema kwenye kreti, sanduku lake la mbao la kulalia, kama mtoto. Jumamosi aliuma mara tisa.

Mara tisa, mwanangu, si sifuri. Jumapili nilikaa mlangoni nikimsubiri mzee.

Mzee Barasa alikuja amevaa gambuti, buti ndefu za mpira. Mheshimiwa akamkimbilia, akainusa ile gambuti, akafungua kinywa na kuishika kwa meno.

"Ai!" akasema Mzee Barasa. Kisha, mbele ya ploti nzima, akageuka, akakunja mikono na kusimama kama nguzo ya stima. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

Mheshimiwa akaachia. Akamzunguka, akaketi, akamtazama. Kumbe mzee alikuwa akitusikiliza wiki nzima kupitia dirisha lake!

"Thelathini," akasema, akigeuka. "Leta hiyo taulo yake." Akampa mwenyewe. "Kijana, nakuongezea miezi miwili. Lakini mtu akimpa huyu mbwa kiatu tena, nitamng'ata mimi."

Mheshimiwa alimaliza kubadilisha meno akiwa na miezi saba, akakoma kuuma watu. Aliishi nasi miaka kumi na mmoja. Wezi walimwogopa kwa sauti yake tu.

Basi mwanangu, wewe uliyeleta kijibwa nyumbani jana na tayari una mikwaruzo vidoleni, sikia. Udongo uwahi ungali maji. Usimtoe kwa mamaye kabla ya wiki nane. Usimchezeshe kwa mkono wako, wala usimpe kitu kuukuu kinachofanana na kipya unachokipenda. Usimpige, kipigo humfundisha kuogopa mkono, na mbwa mwoga ndiye huuma kwa kweli. Mbwa wengine hupandwa na wazimu wakisikia "Ai!", wa namna hiyo mgeuzie mgongo kimya kimya. Wa nyumbani wote wafanye vivyo hivyo, kwani mmoja akicheka, kazi ya wengine saba imepotea. Mpeleke chanjo, na akimtoboa mtu ngozi, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha mwende kliniki siku hiyo hiyo.

Mungu akujalie subira ya kuhesabu mpaka thelathini, na majirani wenye ucheshi. Na hasara yako isifikie yangu, ambayo, pamoja na viatu vya Mama Nafula, slipa za ploti, mbao na misumari, ilikuwa shilingi elfu moja mia nne na themanini.