Mchoro Tuliouchora Ghalani Lukozi

Muhula ule nilipanda milimani hadi Lukozi mara nyingi kuliko nilivyokwenda kwetu. Nilikuwa nafundisha utengenezaji wa programu za kompyuta katika chuo kimoja cha Lushoto, na wanafunzi wangu watano walikuwa wakitengeneza mfumo wa kupokelea na kusafirishia mboga kwa kampuni yenye ghala huko Lukozi, inayonunua kwa wakulima.

Nilianza kama nilivyofundishwa: chora kwanza, jenga baadaye. Tulichora michoro ya mfumo kwa wiki nane. Meneja wa kampuni alilifunua lile rundo la karatasi, akalifunika.

"Mwalimu, sasa hapa nibonyeze wapi?"

Nikaona aibu, nikageukia upande wa pili kabisa. Hakuna kuchora tena; kila wiki mbili tunapeleka kipande cha mfumo kinachofanya kazi. Meneja akafurahi, vijana wakafurahi. Mimi nilikuwa nimechoka mno, sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Kipande cha tatu ndicho kilichotuangusha. Mama aliyekuwa akipokea mizigo ghalani alizungumza na mkulima kwa Kishambaa, akaitazama simu tuliyompa yenye kipande hicho, akaniita.

"Hili gunia la karoti ni la huyu, la wifi yake na la jirani yao. Simu inataka jina moja. Niwaache wawili gani?"

Mfumo wote tulikuwa tumeujenga juu ya gunia moja, mkulima mmoja.

"Mama, mbona hukutuambia tangu mwanzo?" mwanafunzi mmoja akamwuliza.

"Mwanangu, makaratasi yenu mlimpelekea meneja. Mimi nani aliniuliza?"

Nilikaa juu ya kreti, miguu imelowa maji ya kuoshea karoti, nikatamani kuacha kazi. Kisha nikamwomba yule mama atueleze taratibu jinsi mzigo unavyofika. Alivyosema ndivyo tulivyochora, ukurasa mmoja tu, naye akatusahihisha mara mbili. Kazi ya wiki sita tukaitupa. Tangu siku ile kila kipande kilianza kwa ukurasa wa kuchora naye, kikaisha kwa yeye kukijaribu.

Mfumo ulikamilika nusu. Kupokea mizigo kunafanya kazi hadi leo; usafirishaji hatukuufikia. Chuo nacho kikadai michoro kamili kama mwongozo unavyotaka, basi vijana wakakaa wiki nzima wakichora vitu walivyokwisha kuvijenga.

"Madam, hii inamsaidia nani?" mmoja akaniuliza.

"Inawasaidia ninyi kuhitimu."

Nikasaini ripoti zote tano, nikaenda kulala saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya milima.