Kifaa cha Injini na Barabara ya Pweto

Nilitoka Lubumbashi kwenda Pweto kwa sababu mama mkwe wangu alipiga simu, na yeye hakuwa mtu wa kupiga simu. Sisi ndio tuliozoea kumtafuta. Siku ile alimpigia mke wangu Philomène, akamweleza kwamba watu wenye silaha wameshuka kutoka upande wa Mitwaba, vijiji vya nyuma ya Pweto vinachomwa, muuguzi na walimu wamekwisha kuondoka, na mume wake, Papa Célestin, hawezi tena kutembea kwa jinsi miguu ilivyovimba. Hakuomba kitu. Alisema tu, "Mujue." Kisha mtandao ukakatika, na tangu hapo hatukumpata.

Mimi ni mtu wa Butembo. Biashara ya jumla ndiyo iliyonileta Lubumbashi, na baadaye nikaingia katika usafirishaji. Familia ya mke wangu ni Wakatoliki wa kaskazini ya Katanga. Babu zao walichimba madini, na Papa Célestin alizeekea kwenye reli kabla ya kwenda kujenga Pweto, kando ya ziwa Mweru. Walinipokea wakati sikuwa na ndugu hata mmoja katika mji huu. Mama Véronique, huyo mama mkwe, ndiye aliyelala sakafuni hospitalini Philomène alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, Neema. Kwa hiyo suala la kwenda au kutokwenda halikuzungumzwa nyumbani. Lililozungumzwa lilikuwa gari.

Gari langu lilikuwa pikapu ya kabini mbili, ya mazutu, yaani dizeli, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Rigo, fundi wangu wa mtaa wa Kamalondo, alikuwa amenisumbua muda mrefu ninunue kifaa cha kuprogramu kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wetu wanaiita calculateur. Ni kidubwasha kinachoenea mkononi. Unakichomeka kwenye tundu chini ya usukani, unachagua programu, na kompyuta inaanza kupeleka mazutu mengi zaidi na kuisukuma turbo zaidi. Philomène hakukipenda. Aliona kwamba injini iliyotengenezwa na wenye akili zao isiguswe na mtu wa Kamalondo, hasa kabla ya kwenda porini. Mimi nilifikiria kurudi: gari lingekuwa limejaa watu, barabara mbaya, na pengine tungehitaji kukimbia. Nikakinunua.

Rigo alinionyesha jinsi ya kukitumia, kisha akaniambia jambo moja ambalo baadaye lilitusaidia: "Vieux, hii kintu iko muzuri, lakini haiko dawa ya kila ugonjwa. Ukipata mazutu muchafu, urudishe programu ya kwanza, ile gari ilitoka nayo kiwanda."

Asubuhi ya kuondoka Philomène alitaka kuja nami. Tulikaa jikoni tukapiga hesabu ya viti, tukaona kwamba kila kiti tutakachokalia kwenda ndicho kitakachokosekana wakati wa kurudi. Akabaki. Alinifungia mihogo ya kuchemsha na samaki, akanipa na shali ya mama yake aliyoisahau alipotutembelea mara ya mwisho.

Hadi Kasomeno niliendesha kwa raha, naona aibu kusema. Gari lilikuwa kama limebadilishwa. Vilima ambavyo zamani nilivipanda kwa gia ya pili nilivipanda kwa ya tatu, na malori niliyapita bila kuwaza. Lakini Kasomeno yenyewe ilinitoa raha hiyo. Barabara ya kwenda Kasenga ilikuwa na magari. Ile ya kaskazini, niliyokuwa naifuata mimi, ilikuwa na watu wanaotoka tu. Walikuja kwa baiskeli zenye magodoro, masufuria na kuku waliofungwa miguu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi aliniuliza naenda wapi. Nilipomjibu, aliniongezea ndizi nyingine.

Baada ya Kasomeno mvua ilikuwa imeiharibu njia, na hapo nilijifunza upande wa pili wa kile kifaa. Katika matope nguvu ilikuja kwa ghafla mno. Nikigusa kidogo tu, magurudumu yalizunguka pale pale na kuchimba. Ilibidi nisimame, nichague programu ya polepole, ndipo gari likatambaa na kutoka. Wenye magari ya porini wanaotafuta nguvu tu wajue hilo. Topeni nguvu si kitu cha kwanza.

Karibu na mto Lufukwe, kwenye mawe ya kushukia darajani, nilisikia mlio nyuma, mkavu, kama ubao unaovunjwa. Majani mawili ya resori, ile springi ya vyuma inayobeba uzito wa gari, yalikuwa yamekatika upande wa kushoto. Madereva wa lori lililokwama pale walinisaidia kuibana kwa kipande cha mti na mipira ya chemba ya gurudumu tuliyoikata vipande virefu. Mkubwa wao aliikagua kazi yetu, akaniambia itanifikisha Pweto nikiwa mtupu, na kwamba kurudi nisijaze. Nikajisemea kwamba Pweto nitapata resori nyingine.

Kilwa nililala parokiani. Katekista aliyenipokea alinipa maji ya moto ya kuoga na bukari, ule ugali wetu, kwa dagaa, akaniomba radhi kwamba hakuna nyama, kana kwamba nimekuja harusini. Mazutu niliyapata kwake kwenye bidoni, yale madumu ya plastiki, na tuliyachuja kwa kitambaa. Nilipomuuliza habari za mbele, alinieleza kwamba parokia ya Pweto imeanza kuwavusha wanawake na wagonjwa kwa mitumbwi kwenda upande wa Zambia, lakini ziwa ni baya msimu ule na watu wanalala nje wakingoja zamu. Alinishauri nisikae Pweto zaidi ya inavyobidi.

Kutoka Lukonzolwa hadi Pweto sikukutana na gari hata moja. Soko la Pweto lilikuwa tupu, milango ya maduka imefungwa kwa minyororo. Resori haikupatikana, wala fundi. Mbele ya nyumba ya wakwe zangu Mama Véronique alikuwa anafagia ua. Mji wote unakimbia, yeye anafagia. Aliuegemeza ufagio ukutani, akanishika mikono miwili, akaniuliza kwanza habari ya Philomène, kisha ya watoto mmoja mmoja kwa jina, na mwisho akaniuliza kama nimekula. Nilimpa shali yake, akajifunga pale pale.

Ndani nilimkuta Papa Célestin kitandani, amekonda uso, miguu imevimba kama si yake. Alikuwapo pia Odette, mdogo wa mke wangu, mimba yake kubwa, na watoto wake watatu. Mume wake alikuwa hajulikani aliko tangu kijiji chao kichomwe. Niliwahesabu kimya kimya na kuiwazia resori. Kwa kubanana, tungeenea: Papa mbele, kiti chake kimelazwa, Odette na watoto nyuma yake, Mama karoserini, nyuma kunakobebwa mizigo, juu ya magodoro. Ingekuwa vigumu, lakini ingewezekana, na nilimtuliza Odette kwa kumweleza habari za kile kifaa.

Asubuhi tulipokuwa tunapakia, aliingia uani msichana wa jirani, Bibiche, amebeba mtoto wake mchanga ambaye kitovu chake kilikuwa bado hakijadondoka. Mama yake Bibiche alikuwa amekufa njiani wakijaribu kukimbia, na yeye akarudi. Hakuomba lifti. Alisimama tu karibu na gari, akiwatazama watoto wa Odette wanavyopandishwa. Mama Véronique alimtazama, kisha akazunguka nyuma ya gari, akainama na kuiangalia ile resori iliyofungwa mipira. Aliniita pembeni.

"Papa Neema," alisema, "Odette ananiambia uko na kamashini kanaongeza gari nguvu. Juu ya ile nguvu, tunaweza kupanda sisi bote, na huyu Bibiche?"

Nilijua injini ingevuta. Kwa programu ya mzigo ingevuta hata watu wengine zaidi. Lakini kifaa kile kinazungumza na injini peke yake. Hakijui resori, hakijui breki, hakijui tairi.

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Injini itavuta. Resori ndiyo haitabeba."

"Njo vile." Aliinamisha kichwa polepole, kama mtu aliyesikia bei na kuikubali. "Asante kunisemea kweli. Basi, Bibiche apande. Mi niko na miguu, nitavuka na bamama ya parokia."

Nilimsihi. Nilimwambia nitashusha magodoro, nitashusha bidoni za mazutu, nitaendesha polepole. Aliniuliza bila mazutu tutafika wapi. Odette alilia, akataka yeye ashuke, na mama yake akamwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba mwanamke wa mimba ya miezi ile hapandi mtumbwi wakati wa mawimbi. Kisha akampandisha Bibiche kwa mikono yake, akampangia godoro, akaivua ile shali na kumfunika mtoto.

Kwangu alisema maneno machache: "Utamuchunga Papa. Anakunywa dawa kisha kula, haiko mbele ya kula. Kama anauliza mi niko wapi, mumuambie niko nakuja."

Tulipoondoka alikuwa amesimama uani. Sikumwona akipunga mkono. Kwenye kioo niliona amerudi kuuchukua ufagio.

Baada ya kupita Kilwa, mahali penye kilima kirefu, taa ya injini iliwaka na nguvu ikaisha. Gari likawa linajikokota kama linalotaka kulala. Nilichomeka kifaa, kikanionyesha kosa la mgandamizo wa mazutu: uchafu na maji vilikuwa vimeingia. Nikakumbuka maneno ya Rigo. Nilirudisha programu ya kiwandani, nikamwaga maji kwenye filtri, nikaisafisha nilivyoweza, nikalifuta kosa lile kwenye kompyuta. Injini iliwaka vizuri, bila ile nguvu ya ziada, na hivyo ndivyo tulivyorudi hadi nyumbani: polepole, kwa injini ile ile niliyokuwa nayo kabla ya kununua chochote. Pale kilimani kisingekuwapo kile kifaa, nisingejua kosa liko wapi, na sijui nani angetupita kutuokoa.

Papa Célestin alikuwa amelala usingizi wa dawa wakati wa kupakia. Njia nzima alidhani mke wake yuko karoserini. Alimwagizia maji, akaniuliza kama jua halimuumizi huko nyuma. Nilijibu kama nilivyoagizwa, kwamba anakuja, na jibu hilo aliliona la ajabu lakini hakulihoji. Tulipofika Kasomeno alisema anasikia baridi, Véronique aje mbele akae karibu naye. Odette ndiye aliyemwambia kwamba mama amebaki Pweto. Mzee aligeuza uso upande wa kioo, akabaki hivyo hadi Lubumbashi.

Philomène alisikia gari kabla hatujafika langoni. Alifungua, akasimama, akamtazama kila mmoja anayeshuka. Alimpokea baba yake, akampokea Odette na watoto. Alipomwona Bibiche aliangalia ile shali, kisha akaenda kuangalia tena ndani ya karoseri, ingawa kila mtu alikuwa amekwisha kushuka. Halafu akamchukua yule mchanga mikononi, akamwingiza ndani kumwogesha.

Rigo aliweka resori mpya siku iliyofuata, nikarudi njia ile ile na gari tupu. Kasomeno wanajeshi walikuwa wamefunga barabara. Walisema Pweto kunapiganwa na hakuna anayepita. Nilingoja pale mpaka chakula kikaniishia, nikawaomba kila walipobadilishana zamu, kisha nikageuza.

Majuma kadhaa baadaye mama mmoja wa parokia ya Pweto alifika Lubumbashi kwa kuzungukia Zambia. Alikuja kutuona nyumbani. Alitueleza kwamba Mama Véronique alivuka salama, ila mvua iliwapiga mtumbwini na kambini walilala chini, na homa ya mapafu ikamkamata. Hakukaa sana. Walimzika huko huko, na wanawake walimwimbia. Papa Célestin alisikiliza yote akiwa amekaa wima, akamshukuru mgeni kwa kuja. Yeye naye alimfuata mkewe kabla ya mvua za mwaka ule kwisha.

Tangu hapo wenye magari wameniuliza kama kifaa kile kina faida. Nawajibu kwamba kina faida kwa anayekwenda mbali na mafundi, kwa sababu kinasoma ugonjwa wa injini na kukurudisha kwenye programu ya mwanzo. Kwa nguvu peke yake, afadhali mtu anunue kwanza resori nzito, tairi na filtri za akiba. Hayo nayajua na nayasema bila wasiwasi.

Philomène aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunaanua nguo uani, mtoto wa Bibiche anatambaa miguuni petu. "Kama ungemuambia Mama ile resori itabeba, ingebeba?"

"Sijui, Mama Neema," nikamjibu.

Alikunja shuka aliyokuwa ameshika, akaiweka juu ya nyingine.