Desibeli Asafisha Sauti ya Mama

Mume wa dada yangu tunamwita Desibeli, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, na hajawahi kuudhika. Anadhani ni cheo. Ana studio nyuma ya duka la fundi cherehani, chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, na humo amejifunza maneno mengi kuliko nyimbo. Dada akimwita aje kula, humjibu, "Mke wangu, umepanda nusu toni." Mtoto akilia, anataja frikwensi ya kilio. Kumbembeleza hajui.

Mwaka jana Mama alitakiwa kupasuliwa koo. Daktari hakumficha: huenda sauti isirudi. Mama akaomba jambo moja tu, arekodiwe ule wimbo wa kubembelezea aliotulelea sote saba, wajukuu wabaki nao. Nani wa kurekodi kama si mkwe mwenye studio?

Nilikuwepo. Alimkalisha mbele ya maikrofoni, akamweleza tempo, akamweleza mapigo ya tatu kwa nne, akamweleza mwangwi, mpaka mama wa watu akaanza kusinzia. Alipoimba, alianza chini na kumaliza juu kidogo, kama alivyoimba maisha yake yote.

"Mama, umehama ufunguo wa wimbo," Desibeli akasema.

"Ufunguo nimemwachia jirani, baba. Wewe endelea tu."

Mimi na Mama tulicheka mpaka machozi. Yeye aliandika kitu kwenye daftari.

Wiki moja baada ya upasuaji alikuja hospitalini kifua mbele, hedifoni mkononi. Amesafisha kelele zote, alituambia. Pumzi za Mama zilikuwa kelele. Kile kicheko chake kidogo kabla ya ubeti wa pili kilikuwa kelele. Kila noti iliyoyumba aliinyoosha kwa kompyuta, kisha akamwagia mwangwi.

"Na ile ya mwanzo iko wapi?" nikauliza.

"Ile ghafi? Nimeifuta, shemeji. Ilikuwa inajaza nafasi bure."

Nilitamani kumzaba kibao, desibeli zake ahesabu mwenyewe.

Mama, ambaye sasa hata mnong'ono haumtoki, alisikiliza wimbo mpaka mwisho, macho ameyafumba. Kisha akaomba kalamu kwa ishara, akaandika, akampa mkwewe karatasi. Desibeli akaanza kuisoma kwa sauti, huku anatabasamu:

"Anaimba vizuri. Ni nani huyu?"