Mguu Wangu na Karo la Mzee Seif

Uvundo wa karo ulitangulia puani kabla ya harufu ya mkate wa ufuta. Ndivyo zilivyokuwa asubuhi zetu Mkunazini, miaka ya hamsini. Karo lile, shimo la maji machafu, lilikuwa la Mzee Seif, mwenye nyumba wetu, mfuniko umepasuka, na kila akiambiwa alijibu, "Inshallah, Ijumaa." Ijumaa zikapita, mbu wakanenepa. Mimi simung'unyi maneno: wa kwanza wa kulaumiwa ni yeye. Wa pili ni Mzee Haji, mganga wa Bwejuu. Mguu wangu wa kulia ulipoanza kuvimba, na mtoki ukanikaza kinenani, yeye alisema nimekiuka kitu kilichotegwa njiani, akanichanja chale akapaka masizi. Chale zikaoza, homa ikanilaza, mguu ukawa gogo. Skuli nkaiacha darasa la tatu, nkijua sitatembea tena.

Bibi yangu, Bi Zuhura, akanipeleka hospitali. Muuguzi akatueleza kuwa mbu ndio wanaotia vijidudu, navyo huziba njia za maji mwilini, maji yakatuama mguuni. Tukapewa vidonge na onyo: asichanjwe tena, kila kidonda ni mlango wa maradhi. Basi kila jioni bibi akiuosha kwa sabuni, akiukausha mpaka baina ya vidole, kisha akiuinua juu ya mito ya sufi kama wa bibi harusi. Watoto wa jirani wakija kuchungulia nkiwaambia malkia hakanyagi chini. Tulicheka sana siku zile, nisiseme uongo.

Uvimbe umeshaanza kupungua, Mzee Haji akarudi na wembe wake. Mama yangu akaanza kuyumba, karibu akubali. Mimi nkajibanza nyuma ya bibi.

"Bi Zuhura, damu mbovu isipotoka, mtoto huyu hatembei."

"Haji, mguu si papa wa kuchanjwa ukatiwa chumvi. Wembe ukikuwasha, nyoa hizo ndevu."

Mzee akajishika kidevu, akacheka mpaka akakohoa, akanywa kahawa, akaenda zake.

Siku hizi watu humeza dawa kabla hawajaumwa, na wajukuu wangu wanayajua matende kwa kuniona mimi tu. Nnafurahi, lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Wazee wale wawili, Seif na Haji, wameshakufa. Nnawaombea dua, kwa majina yao. Mguu haukurudia wembamba wake. Ila jana umenifikisha Forodhani na kunirudisha, na sikumshika mtu mkono.