Upana wa Mikono Yangu

Chuma kikikatwa kwa moto hutoa harufu inayokaa kooni. Gereji ya baba ya kuchomelea vyuma, hapa Kisenyi, ilinukia hivyo hivyo.

Siku moja bustani ya wanyama ilimwagiza baba atengeneze kizimba cha sokwe mchanga. Baba hakuwahi kumwona sokwe. Aliyeleta kazi akaninyooshea kidole. "Ukubwa wake ni kama wa huyu binti yako."

"Mwanangu, nyoosha mikono," baba akasema. Akanipima kwa kamba, kidole hadi kidole, akakata nondo. Nilijivuna wiki nzima.

"Na akikua?" niliuliza.

"Watakuja kuniambia, nitaongeza."

Siku hizi sokwe wamepewa kisiwa chenye miti, na vizimba vya zamani vimeletwa huku kama vyuma chakavu. Leo nimekitambua cha baba kwa nukta tatu alizozoea kuchomelea mlangoni kama alama yake. Nikaingia.

"Toka basi, mama, tukate," fundi wa kukata vyuma akasema.

Nikajaribu kunyoosha mikono. Viganja viligota kwenye nondo kabla mikono haijanyooka, na pale vilipogota, pande zote mbili, chuma kilikuwa kimesuguliwa na viganja vingine hadi kikawa laini.