Usafi wa Pori la Serikali

Mama mukwe wangu alitengeneza makala, yaani makaa ya kupikia, kule Kipese kwa miaka mingi bila msaada wa mkubwa yeyote, na kazi ilikwenda vizuri. Nafikiri ndiyo maana ilibidi asaidiwe.

Yeye na wajane wenzake waliokota vitawi katika pori la serikali, pale wenye mbao walipokwisha kukata ekaliptisi na kubeba magogo. Walivichoma ndani ya pipa, wakavitwanga, wakachanganya unga wake na uji wa muhogo, kisha wakafinyanga madonge na kuyaanika. Mimi niliyauza Butembo, kwa wenye mikahawa.

Siku moja shefu wa biro ya misitu, yaani mkuu wa ofisi yake, mtu mpole aliyetumwa kutoka mkoa mwingine, alituletea habari njema: wakubwa wameamua kuunga mkono biashara za vijijini. Haukupita muda, lori likaleta mashine ya kufinyanga makala, mashine nzuri kabisa, ya umeme. Kipese haina umeme, lakini hilo halikuharibu sherehe. Utepe ulikatwa. Hotuba ilitusifu kwa kuhurumia misitu. Halafu wageni wakala mbuzi aliyechomwa kwa makala ya magogo kutoka Kirumba, maana mupishi alisema siku ya wakubwa si siku ya kujaribu vitu.

Juma lililofuata mlinzi wa pori aliwarudisha wajane barierani, kwenye kizuizi cha kuingilia. Vitawi sasa vilikuwa na mradi, akaeleza, na mali ya mradi haiokotwi ovyo. Malori ya magogo yalipita kama kawaida. Aliyafungulia na kuwatakia madereva safari njema.

Mapipa yakapoa. Wenye mikahawa wakanipigia simu mpaka wakachoka. Mama mukwe aliacha kula vizuri. Mwishowe alivaa kitenge chake cha misa, tukashuka pamoja mpaka biro.

Shefu alitukaribisha, akatufundisha kwa uvumilivu kwamba pori ni la watu wote.

“Miti ni ya batu bote, lakini iko inapita mu lori,” mama mukwe akasema. “Bitawi pia ni ya batu bote, na iko inaoza. Donc, sisi hapana batu?”

Ruhusa, shefu alisema, inatoka Kinshasa, naye hana uwezo. Ila jua likikaza vitawi vikavu huleta moto, na kuagiza usafi ni kazi yake.

“Mama, kuni siwezi kukupatia. Lakini natafuta batu ya kusafisha pori. Bile bitatoka, mutabitupa kwenye munapenda.”

Mama mukwe alimshukuru kwa heshima zote. Tulipofika barabarani alicheka hadi akashika mkono wangu asianguke.

Asubuhi ya usafi kulikuwa na ukungu mzito. Mlinzi alifungua bariera, akawapongeza wamama kwa kulipenda taifa. Mama mukwe alitangulia, fagio begani. Kwenye rundo la kwanza alikaa chini, akaanza kupanga vitawi mapajani pake, polepole, kama mtu aliyerudishiwa vyake. Sisi wengine tukasimama, tukamwachia hilo rundo peke yake.