Alasiri ya Kuanua Karafuu

Juzi, huko Wawi, nilikuwa nawasuluhisha mume na mke. Mvua ikanyesha, wakatoka mbio kuanua karafuu, wakaniacha na neno mdomoni. Waliporudi, wakaanza ugomvi upya. Wallahi kazi hii inachosha!

Hata kwetu, alasiri moja nilipokuwa mtoto, baba alikuwa akimfokea mama, matone yakalia juu ya bati. Walikunja pamoja majamvi ya kuanikia karafuu, ukumbi ukajaa harufu ya karafuu mbichi, nami nikaona wameshapatana.

“Nenda ukalale kwa bibi yako,” mama akaninong’oneza.

Nilikwenda nikirukaruka, nikidhani ni zawadi. Asubuhi niliporudi nilimkuta mama amejitanda kanga ikifunika jicho moja, akaniuliza kama nilikula nikashiba.

Sasa wazazi ninaowasuluhisha wakiniambia watoto wako kwa bibi yao, sinyanyuki mpaka niambiwe kwa nini.